Kijila, karaha na zarau: je, tunakataa chakula ao tunakataa mtu?

Hapa Mokambo hakuna chakula ambacho watu wote wanakubaliana juu yake, isipokuwa bukari. Na hata juu ya bukari tunabishana: wengine wanataka ya mahindi tupu, wengine wanataka ichanganywe na muhogo, na kila mmoja anasema ile ya mwenzake inamkwama kooni. Tukifika kwenye mboga (kwetu mboga ni kila kitu kinachosindikiza bukari, nyama nayo ni mboga), mabishano hayana mwisho. Mkimbangu hali nguruwe wala nyani. Muadventista anakataa nguruwe na samaki asiye na magamba. Shahidi wa Yehova anauliza kama damu ilitoka yote. Mwislamu anataka kujua ni nani aliyechinja. Na kijana aliyerudi toka Lubumbashi ao toka Kitwe, ambaye hana katazo lolote la dini wala la ukoo, anatazama sahani ya binkubala, anafunga pua, anasema: «Ile njo bilulu, siwezi kula!»

Ni huyu wa mwisho anayetushugulisha katika kurasa hizi. Wale wanne wa kwanza wana sheria, na mtu mwenye sheria tunaweza kuzungumza naye: imeandikwa wapi, inamfunga nani, inaisha wapi. Huyu wa tano ana tumbo tu linalopinduka. Je, tumbo kupinduka ni sababu ya kutosha? Na mama aliyepika, yeye alielewe namna gani lile neno «bilulu» lililoangushwa juu ya meza yake?

Tuanze na binkubala, maana ndivyo vinavyotutambulisha sisi watu wa upande huu. Mvua za kwanza zikiisha kulowesha pori, katika miezi ya 11 na 12, akina mama na watoto wanaingia chini ya miti ya mutondo na mingine. Viko vya aina nyingi na kila aina ina jina lake: mumpa, chipumi, na vingine ambavyo wazee wanavitambua kwa mti vinaokula. Wanaviokota, wanavikamua ili majani yaliyo tumboni yatoke, wanavichemsha na chumvi ao wanavichoma, kisha wanavianika juani. Vikikauka mpaka vilie kama mawe madogo ndani ya mfuko, safari inaanza: upande mmoja Lubumbashi, upande mwingine Mufulira na miji ya Copperbelt. Chikanda nayo, ile inayopikwa na viazi vya maua ya pori na karanga, inafuata njia hiyo hiyo. Mpaka uliopatanwa mwaka 1894 kati ya Waingereza na Dola Huru la Kongo la Leopold II ulikata ardhi ya watu, lakini ladha zao haukuzikata.

Na si chakula cha njaa, kama wengine wanavyofikiri. Mtaalamu François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alichapa pamoja na G. Parent mwaka 1980 uchunguzi wa aina 23 za viwavi vinavyoliwa kusini mwa Zaire ya wakati ule. Walipata kwamba vikikauka, protini yake ni wastani wa 63.5 kwa mia. Nyama ya ng'ombe tunayoitamani pale buchani ingeona haya. Mwaka 2013 shirika la FAO lilitoa kitabu kizima juu ya wadudu wanaoliwa duniani: zaidi ya aina 1,900, na watu wapata milioni elfu mbili wanaokula. Kitabu hicho kinasema pia kwamba nyumba moja ya Kinshasa inakula kwa wastani gramu 300 za viwavi kila juma. Halafu, mwaka 2021, Umoja wa Ulaya uliruhusu kwa sheria funza mmoja wa njano, aliyekaushwa, aingie sokoni kama chakula cha watu. Tunacheka kidogo. Bibi zetu hawakungoja ruhusa.

Basi kijana wetu alijifunza wapi kufunga pua? Hakuzaliwa nayo. Mtoto mchanga anatia kila kitu mdomoni, udongo, mdudu, hata kile tusichotaka kukitaja hapa. Paul Rozin, mwalimu wa saikolojia wa Marekani aliyechunguza mambo haya kwa miaka mingi, anaonyesha kwamba karaha inafundishwa na jamaa, polepole, kwa uso kuliko kwa maneno: mama anakunja uso, mtoto anakunja pia. Rozin na wenzake walifanya jaribio moja la kuchekesha: walichovya mende aliyekufa, aliyekwisha kuuawa vijidudu vyote kwa moto, ndani ya kinywaji cha matunda, wakamtoa, wakaomba watu wanywe. Watu walijua kabisa kwamba hakuna hatari. Wengi walikataa. Karaha basi haisikilizi hoja. Inafanya kazi mbele ya akili kuamka.

Na sisi ni nani waliotukunjia uso? Jibu moja tunalo katika historia yetu. Baada ya 1948, wakati wakoloni Wabelgiji walipoanza kutoa karata ya «mérite civique», na zaidi tangu 1952 na ile immatriculation, mtu mweusi aliyetaka kuhesabiwa kuwa ameendelea alipaswa kuchunguzwa. Wachunguzi waliingia ndani ya nyumba yake, wakatazama kitanda, wakatazama meza, wakatazama jikoni na ginsi familia inavyokula. Fikirini baba wa nyumba ile siku ya ukaguzi. Mfuko wa binkubala utakaa mlangoni? Utafichwa kwa jirani. Na mtoto aliyetumwa kuuficha amejifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyeliandika ubaoni. Wakati huo huo mpishi wetu, aliyeitwa «boyi» hata kama alikuwa na wajukuu, alikuwa akimtayarishia Mbelgiji «filet américain», yaani nyama mbichi ya ng'ombe iliyosagwa na kupakwa juu ya mkate, pamoja na jibini lenye kunuka. Alirudi jioni kwao akaisimulia, na nyumba nzima ikatema mate. Lakini mate yale hayakumnyima Mbelgiji kitu. Karaha ya mwenye nguvu na karaha ya mnyonge hazina uzito mmoja, na ni jambo hili ambalo watu wanalisahau wanaposema kwamba «kila mtu na ladha yake».

Kuna kisa kimoja ambacho kwa maoni yetu kinasema yote. Charles Darwin, katika kitabu alichokichapa mwaka 1872 juu ya sura za hisia kwa binadamu na wanyama, anakumbuka safari yake kule Tierra del Fuego, mwisho kabisa wa Amerika ya Kusini. Alikuwa akila nyama ya kopo, baridi. Mwenyeji mmoja akaigusa kwa kidole, akaona ni laini, akaonyesha wazi kwamba inamchukiza. Na Darwin anaungama kwamba yeye naye alichukizwa kabisa, kwa sababu chakula chake kiliguswa na mtu aliye uchi, ingawa mikono ya mtu yule haikuonekana michafu. Angalieni vizuri. Yule mwenyeji alichukia nyama. Darwin alichukia mtu. Walisimama hatua moja tu kati yao, na karaha zao mbili hazikuwa kitu kimoja hata kidogo.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo katika mji wetu linasemwa kwa sauti ya chini: nyama ya mbwa. Kila mtu wa Katanga anajua usemi: «Bale banakulaka mbwa.» Bale, ni kusema Waluba wa Kasai, na Wasongye pia. Ni kweli kwamba kati yao wako wanaoila na kuisifu, na ni kweli pia kwamba wako wengi wasioigusa maishani. Usemi haujali tofauti hiyo. Unawachota wote kwa mwiko mmoja. Na sisi tunaousema, tukiulizwa mbwa ana nini ambacho mbuzi hana, tunajibu nini? «Mbwa anakula uchafu.» Nguruwe je? Kuku anayeparua jalala nyuma ya soko je? «Mbwa ni rafiki ya mtu.» Hili lina uzito zaidi, tunakubali. Lakini hebu tutembee jioni katika mitaa yetu tuone urafiki wenyewe: mawe, teke, mifupa mitupu. Kule Korea ya Kusini, ambako mbwa aliliwa tangu zamani, bunge lilipitisha mwezi wa kwanza 2024 sheria ya kukomesha biashara hiyo, na kuwapa wafugaji muda mpaka 2027. Kilichobadilika kule ni kwamba watu walianza kweli kulala na mbwa nyumbani mwao, wakampa jina, wakalipa mganga wake. Wamebadilisha maisha kwanza, ndipo tumbo likafuata. Sisi tunataka tumbo litangulie, maisha yabaki yalivyo.

Mama Mary Douglas, Mwingereza aliyekaa kati ya Walele wa Kasai karibu na mwaka 1950 na tena mwaka 1953, anatusaidia hapa. Walele wana neno, hama, la kila kinachochukiza: uchafu wa mwili, maiti, wanyama kama panya na nyoka. Douglas alitambua kwamba mara nyingi kinachochukiza ni kile kisichokaa pahali pake. Kiatu si kichafu, lakini kiatu juu ya meza ni kichafu. Hata hivi Walele hao hao walikuwa na kakakuona, mnyama mwenye magamba kama samaki lakini anapanda miti, na anazaa mtoto mmoja mmoja kama mtu. Huyu ndiye hasa hana pahali pake popote, na badala ya kumtupa walimheshimu, akaliwa na waume wa chama chake peke yao, kwa ibada. Kwa hiyo kitu kile kile kilicho nje ya mpango kinaweza kutupwa ao kuinuliwa. Watu ndio wanaochagua.

Hapo tunafika kwenye neno letu wenyewe: kijila, wingi wake bijila, kama Waluba wa Katanga wanavyosema, kwa Kiswahili cha vitabu ni mwiko. (Ni ajabu ya lugha kwamba mwiko ni katazo na ni pia ule mti wa kusongea bukari.) Vijana wetu wanafikiri kijila ni woga wa wazee. Sisi tunaona kilikuwa, zaidi ya mengine yote, adabu. Mgeni aliyeletewa kitu asichoweza kula hakusema kinanuka. Alisema: «Mama, unisamehe, kwetu ile iko kijila.» Na mama alijibu: «Aa, hapana shida, baba, nitakupatia lengalenga.» Yameisha. Hakuna aliyetukanwa. Kwa nini? Kwa sababu katazo liko kwa mgeni, haliko ndani ya sufuria. Anasema: mimi ndiye niliyefungwa, si chakula chako kilicho kibaya. Hata mtu ambaye hakuwa na kijila chochote, ila tumbo lake tu halikutaka, aliweza kujificha chini ya neno hilo, na mama, hata kama alishuku, alilipokea. Leo vijila vingi vya ukoo vimekufa, na hatuna wa kuvililia vyote, lakini pamoja navyo limekufa neno la kukatalia. Kijana wa leo akitaka kukataa hana tena cha kusema ila «pfu!»

Tusikipambe kijila, lakini. Bibi zetu walikatazwa mayai wakiwa na mimba, eti mtoto atazaliwa bila nywele. Mwanamke ambaye mwili wake ulihitaji yai kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani ndiye alilitazama likiliwa na wengine. Na firigisi ya kuku, ni nani anayeila? Baba. Hapana mtu aliyechukizwa na firigisi hapo. Ni cheo kilichovaa nguo ya katazo. Kwa hiyo tukisikia «ni kijila», tunayo haki ya kuuliza: kinamfunga nani, na nani anashiba kwa kufungwa kwake? Anayesema «mimi sili» anajifunga mwenyewe. Anayesema «wewe usile» ni habari nyingine.

Na kuna habari ya tatu, iliyo mbaya kuliko hizo: anayesema «wewe ni kile unachokula».

Watu wa umri wetu hawawezi kuandika juu ya neno bilulu bila kukumbuka miaka 1992 na 1993. Tulikuwa vijana. Baba zao, babu zao waliletwa kutoka Kasai tangu miaka ya 1920 kwa kazi ya reli na ya Union Minière. Walizaliwa Likasi, Kolwezi, Lubumbashi. Walisema Kiswahili chetu kuliko Kiluba chao. Halafu katika mikutano ya siasa na mitaani wakaanza kuitwa bilulu, wadudu. Neno ni lile lile la sahani. Wadudu hawafukuzwi kwa sheria, wanafagiliwa. Maelfu kwa maelfu walikaa juma baada ya juma penye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi, na watoto na sufuria zao, wakingoja gari moshi. Wengi walikufa pale ao njiani. Rwanda, mwaka 1994, neno lilikuwa inyenzi, yaani mende. Hatusemi kwamba mtoto anayefunga pua mbele ya binkubala anatayarisha vita. Hapana. Tunasema kwamba wale waliotaka kufagia watu walijua pa kuokota neno: walilikuta tayari jikoni, linatumika kila siku. Na ajabu ni kwamba lilitolewa na watu wanaokula bilulu kwa furaha, juu ya watu wanaokula bilulu kwa furaha. Kasai nako viwavi vinaliwa vizuri sana.

Katika miaka iliyofuata tulikuwa na mwanafunzi mmoja, binti wa jamaa iliyorudi, aliyekuwa akila saa ya mapumziko akiwaelekezea wenzake mgongo. Wenzake walikuwa na hakika wanajua kilichomo ndani ya kopo lake. Siku moja kopo lilianguka. Ilikuwa sombe. Kwao wanaiita matamba, lakini ni majani yale yale ya muhogo, yaliyotwangwa ginsi ile ile, na mawese. Alikuwa anaficha kitu ambacho darasa zima lilikuwa limekula jana yake.

Je, tuseme basi kwamba hakuna chakula cha kukataliwa kwa haki? La. Zipo sababu ambazo hazitoki tumboni. Mwaka 2007 Ebola ilipiga Kasai upande wa Mweka, na kugusa ao kula mnyama wa pori aliyeokotwa amekufa ni moja ya njia ambazo ugonjwa huo unaingia kwa watu. Anayechinja mbwa mwenye kichaa anajihatarisha yeye na nyumba yake. Na mbwa aliyeibwa usiku penye uzio wa jirani ni mbwa wa wizi, hata kama mchuzi wake ni mtamu namna gani. Sababu hizi tunaweza kuzisema usoni pa mtu bila kumtukana, maana zinamhusu yeye kama zinavyotuhusu sisi. «Ile ni uchafu» haiwezi kusemwa hivyo. Jaribuni.

Wengine watatuambia: basi na utani pia tuuache? Sivyo. Wabemba wana koo zinazotaniana, banungwe. Ukoo wa mamba unamtania wa samaki kwa sababu mamba anakula samaki, ukoo wa chui na ule wa mbuzi vilevile. Wanatukanana hata penye kilio, kisha ndio wale wale wanaosaidiana kuzika. Lakini utani una sharti: mwenzako anaweza kukujibu, hapo hapo, na watu wakacheka kwa ajili yake pia. Yule binti wa kopo angejibu nini, peke yake, katika darasa la watu hamsini?

Tunajua nyumba moja, si mbali na barabara ya mpaka. Mume ni mtu wa Kasai, bibi yake ni Mlala. Wameoana siku nyingi, wana watoto wakubwa. Mume akipata mbwa wake, anampika mwenyewe, nje, nyuma ya nyumba, juu ya mbabula ya pekee na ndani ya sufuria ya pekee ambayo haiingii jikoni. Bibi hali, na hasemi kitu. Mara nyingine ndiye anayemtuma mtoto kununua pilipili. Kati ya watoto, wawili wanakula na baba yao, mmoja hataki, na hakuna aliyemlazimisha. Binkubala, vile vya mama, wanakula wote. Tulimuuliza mama kama haoni karaha. Akasema: «Naona. Mingi.» Tukamuuliza mume kama haoni kwamba bibi anamzarau kwa kukataa. Akashangaa na swali. «Sufuria,» akasema, «anaikalishaka pa kivuli, juu isipate vumbi. Mi njo naisafishaka.»